Vifuniko vya Matundu ya Friji Kwenye Gari-Nyumba: Wakati wa Kuvifunga na Wakati wa Kuvitoa

Magari-nyumba yanayoteremshwa katika bandari ya Kilindini kutoka Ulaya huja na vifaa vilivyoundwa kwa ajili ya baridi ya huko, na miongoni mwavyo ni vibao viwili vya plastiki vinavyobandikwa ubavuni mwa gari, juu ya matundu ya hewa ya friji. Mwenye gari huviona, hudhani ni sehemu ya bodi, na huviacha palepale. Baada ya siku chache maziwa yanachacha, samaki aliyenunuliwa asubuhi hafiki jioni, na lawama zote zinaangukia friji, ilhali friji yenyewe ni nzima na kinachoikaba ni vile vibao viwili.

Mwongozo huu unaeleza vifuniko hivyo vinafanya kazi gani, vinafungwa lini na kwa namna gani, na kwa nini mkazi wa Mombasa anapaswa kuvitoa lakini asivitupe. Msimamo wangu ni kwamba kifuniko hufuata kipimajoto na si kalenda. Huko Ulaya mtu anaweza kuvifunga majira ya baridi yanapoingia na kuvisahau kwa miezi kadhaa. Msafiri anayetoka pwani yetu kwenda nyanda za juu hukutana na joto na baridi ndani ya safari moja, tena mara nyingine ndani ya saa ishirini na nne, kwa hiyo hana ruhusa ya kuvisahau.

Tambua kwanza aina ya friji

Si kila friji ya gari-nyumba inahitaji vifuniko. Zipo zenye kompresa, zinazotumia umeme wa betri na kufanya kazi kama friji ya nyumbani. Ukisimama karibu nazo utasikia mngurumo mdogo unaoanza na kukoma. Nyingi kati ya hizo hazina matundu yanayotokea nje, na yote yatakayosemwa hapa kuhusu moto na dohani hayazihusu.

Friji tunayoizungumzia haina kompresa wala sauti. Huendeshwa kwa njia tatu: gesi ya mtungi, umeme wa volti 12 wakati gari linatembea, na umeme wa ukutani, ambao hapa Kenya ni wa volti 240. Ubavuni mwa gari, nyuma ya mahali friji ilipokaa, utaona grili mbili, moja chini na nyingine juu, ingawa katika baadhi ya magari grili ya juu haipo na badala yake pana tundu kwenye paa. Majina ya watengenezaji utakayokutana nayo mara nyingi zaidi ni Dometic na Thetford. Asili ya friji hii ni Uswidi, ambako mwaka 1922 wanafunzi wawili wa uhandisi mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni njia ya kutengeneza baridi kwa kutumia joto, bila kifaa chochote kinachozunguka.

Ni muhimu kuielewa njia hiyo, kwa sababu asiyeielewa atafunga na kufungua vifuniko kwa kubahatisha. Ndani ya mabomba yaliyozibwa kiwandani mna maji, amonia na hidrojeni. Moto wa gesi au waya wa umeme huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hupanda juu ikiwa mvuke, hufika kwenye kondensa yenye mapezi ya chuma, hutoa joto lake na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho huteremka hadi nyuma ya friza, hukutana na hidrojeni na kuwa mvuke tena, na tendo hilo la kuwa mvuke ndilo linalonyonya joto la chakula. Hatimaye mvuke hushuka kwenye mabomba ya kufyonzea, ambako maji huimeza amonia upya na mzunguko huanza tena. Hakuna pampu popote. Kinachosukuma vitu hivi ni tofauti za joto na mteremko wa mabomba, na ndiyo maana gari likiegeshwa upande upande friji hukataa kupoza. Weka pimamaji kwenye sakafu ya friza kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Katika mzunguko huo kuna sehemu mbili ambazo lazima zitoe joto nje: kondensa na mabomba ya kufyonzea. Hewa ya nje huingilia tundu la chini, hupata joto inapopita nyuma ya friji, hupanda na kutokea tundu la juu, sawa na nyumba yenye madirisha chini na vitundu vya hewa karibu na dari. Ukiziba njia hiyo wakati wa joto, mapezi hayawezi kutua mzigo wao na friji haipozi.

Hewa ikiwa ya baridi mno, tatizo hugeuka upande wa pili. Joto la kichomeo hupeperushwa kabla halijafanya kazi yake, mabomba yanapoa kupita kiasi, na mzunguko unaotegemea tofauti za joto hulegea au kusimama kabisa. Kifuniko hupunguza hewa hiyo ili nyuma ya friji pabaki na uvuguvugu unaohitajika. Pamoja na hilo, huzuia upepo wa baridi usipenye kandokando ya friji na kuingia mnamolala watu, faida ambayo wengi huitambua kabla hata ya kuangalia chakula.

Dalili za baridi kupita kiasi huchanganya, kwa sababu hazifanani. Mara mboga za rafu ya chini zinaganda, mara barafu ya friza inayeyuka huku nje mtu anatetemeka. Hili la pili lina sababu nyingine pia: kidhibiti joto hupima sehemu ya kawaida ya friji, si friza, na gari zima likiwa baridi huona kazi imekwisha, hupunguza moto, na friza hukosa sehemu yake. Vifuniko peke yake haviwezi kuliondoa tatizo hilo. Hapo itabidi upashe joto kidogo ndani ya gari au uongeze namba ya kidhibiti.

Ukiwa Mombasa, vifuniko vitoke

Watengenezaji wengi hupendekeza vifuniko vifungwe joto la nje likishuka chini ya nyuzi 8 au 10 za selsiasi, na kitabu cha friji yako ndicho chenye neno la mwisho. Mombasa haifiki huko. Hata mwezi wa Julai, majira ya kusi, usiku wa kawaida hubaki karibu na nyuzi 20 au juu yake, na mchana wa kaskazi hupita nyuzi 30. Hakuna siku ya mwaka ambayo friji inayofanya kazi hapa inahitaji kifuniko.

Kwa hiyo gari likishafika, jambo la kwanza ni kuvitoa. Bana vishikizo vya pembeni au telezesha vifungo vyake, kisha vuta taratibu, kwani plastiki iliyokaa juani kwa miaka huvunjika kwa urahisi. Vikishatoka, ondoa na grili zenyewe kwa kuzungusha vibanio vyake, chukua tochi na uangalie ndani. Utakuta vumbi la barabara, chumvi iliyoganda juu ya chuma, na huenda kiota cha nyigu au utando wa buibui ndani ya dohani. Friji ikiwa imezimwa na mtungi umefungwa, piga brashi laini kwenye mapezi na uondoe uchafu. Kutu ikidondoka kutoka kwenye dohani na kuangukia kichomeo, mwali hubadilika rangi; safisha au mwite fundi anayejua vifaa vya gesi.

Hapa niseme jambo linalonikera kwa sababu linawagharimu watu fedha zao. Mafundi wengi wa friji mjini wamezoea kompresa, na wakiona friji haipozi wazo lao la kwanza ni kuongeza gesi. Friji hii haiongezwi gesi. Mabomba yake yamezibwa kwa kulehemu na hayana valvu ya kujazia. Yakitoboka, kitengo kizima cha kupozea hubadilishwa. Dalili ya kutoboka ni harufu kali ya amonia inayochoma macho na pua, na mara nyingine ungaunga wa manjano kwenye mabomba. Ukiona hivyo, zima friji, toka nje na ufungue milango. Usipoona hivyo, usikubali mtu aguse mabomba kabla hujaondoa vifuniko, hujalisawazisha gari na hujaipa friji usiku mzima wa kufanya kazi.

Kipimo cha usiku huo ni rahisi. Tia kipimajoto ndani ya glasi ya maji, uiweke rafu ya kati jioni na usome asubuhi. Chakula kinachoharibika upesi kinahitaji kukaa chini ya nyuzi 5. Ikiwa hata bila vifuniko maji yamebaki juu ya hapo, egesha gari upande wenye matundu ukiwa kivulini, washa friji siku moja kabla ya safari, tia vitu ambavyo vimekwisha kupozwa, na ufikirie kumwomba fundi umeme afunge feni ndogo ya volti 12 nyuma ya grili ya juu, ikisukuma hewa kuelekea nje. Kwa pwani yetu naiona feni hiyo kuwa na thamani kubwa kuliko kifaa kingine chochote cha friji.

Baridi inaanzia wapi

Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kanuni hii inatosha kupangia safari. Ukiacha Mombasa usiku wa Julai wenye nyuzi 22, mji ulio kwenye mita 2,300 utakuwa karibu na nyuzi 7, na hapo ndipo vifuniko vinapoanza kuwa na maana. Nyahururu, iliyo kwenye takriban mita 2,360, ni mfano mzuri. Kinangop iko juu zaidi, na wakulima wake wanaujua umande unaoganda na kuunguza viazi. Timboroa, kwenye njia ya Eldoret, inapita mita 2,700. Atakayevuka mpaka kwenda kusini mwa Tanzania na kulala karibu na Kitulo mwezi wa Juni au Julai atakuta hali hiyohiyo.

Kinyume chake, Voi na Mtito Andei hazikuhusu kabisa, na Wundanyi, ingawa watu wa pwani huiita baridi, haina baridi ambayo friji itaitambua. Nairobi iko katikati. Asubuhi za Julai huko hukaribia nyuzi 10 katika mitaa ya juu na kwenda Limuru, lakini mchana hupanda, na kwa kawaida naona hakuna haja ya vifuniko Nairobi isipokuwa kipimajoto chako kikikuonyesha vingine.

Tofauti kubwa kati ya baridi yetu na ile ya Ulaya ni kwamba yetu haidumu hadi mchana. Katika nyanda zilizo karibu na ikweta, asubuhi yenye nyuzi 6 huweza kufuatiwa na saa saba mchana yenye nyuzi 22 na jua kali linalopiga ubavu wa gari. Ukiacha vifuniko vimefungwa, friji iliyookolewa usiku itakosa hewa mchana. Kwa hiyo utaratibu unaofaa huku ni wa kila siku: funga jioni kipimajoto kinapokaribia nyuzi 10, toa asubuhi kinapopanda juu yake. Ni kazi ya dakika chache. Bandika kipimajoto cha nje upande wa gari usiopigwa na jua, mbali na dohani, ili kisikudanganye.

Safari ya kurudi ina hatari yake. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480 za kuteremka, na ukiondoka alfajiri na vifuniko vikiwa vimefungwa, utafika Voi adhuhuri kwenye joto kali huku friji ikihangaika bila wewe kujua. Andika kikaratasi chenye maneno "vifuniko vimefungwa" na ukitundike kwenye usukani kila unapovifunga.

Namna ya kuvifunga

Kabla ya kununua au kufunga, soma namba ya modeli iliyochapwa kwenye grili au kwenye kibandiko kilicho ndani ya friji. Vifuniko hutengenezwa kwa kufuata grili, si kwa kufuata gari, na kilichotengenezewa grili nyingine, hata kikikaribiana kwa ukubwa, kitaanguka barabarani au kitaziba mahali pasipotakiwa kuzibwa. Anayeagiza gari kutoka Uingereza au Ujerumani afadhali amwombe muuzaji aviweke ndani ya gari kabla halijapakiwa melini, kwa sababu kuvitafuta baadaye hapa mjini ni shida.

Vikiwa viwili, havilingani. Ikiwa dohani ya friji inatokea kwenye grili ya juu, kifuniko cha juu kina pengo au tundu lililoachwa mahali pa dohani, na cha chini hakina. Ukivibadilisha, utakuwa umeifunika dohani. Viandike kwa rangi isiyofutika, upande wa ndani, "JUU" na "CHINI", na uchore mshale unaoonyesha upande unaoelekea juu. Katika magari ambayo dohani hutokea mahali pengine, tafuta mahali hapo kwanza na uhakikishe hapajafunikwa na chochote.

Zima friji kabla ya kufunga na uipe muda, kwa sababu grili ya juu na dohani huwa za moto. Futa mchanga kwenye ukingo wa grili ili kifuniko kikae sawasawa. Pachika upande mmoja kwanza, kisha bonyeza pembe moja baada ya nyingine mpaka usikie kila kishikizo kimeingia. Tikisa kwa mkono. Kikicheza, upepo wa mwendo utakichukua. Mimi hupendelea kukifunga na uzi mwembamba imara kwenye grili, kwa sababu kifuniko kimoja kikipotea, mara nyingi kupata kingine ni kuagiza ng'ambo.

Sasa washa friji na ukae karibu nayo kwa muda. Ikiwa unatumia gesi, tazama mwali kupitia kitundu cha kuangalia au taa ya kuonyesha. Mwali mzuri ni wa samawati na umetulia. Ukiwa wa manjano, ukirukaruka au ukizimika, ondoa vifuniko mara moja. Baada ya nusu saa hivi, sogeza kiganja mbele ya tundu la juu, bila kugusa. Unapaswa kuhisi hewa ya uvuguvugu ikitoka. Usipohisi kitu, hewa haipiti na vifuniko vimeziba kupita kiasi.

Swali linaloulizwa sana ni kama vifungwe vyote viwili au kimoja. Kitabu cha friji kikitoa agizo, lifuate hata kama linapingana na ninayoyasema. Pasipo agizo, rai yangu kwa baridi ya kwetu ni kuanza na cha chini peke yake, maana hewa baridi huingilia huko, na kuliacha tundu la juu wazi ili joto na moshi vitoke bila kizuizi. Kesho yake asubuhi soma kipimajoto cha ndani ya glasi na uangalie friza. Friji ikiwa imetulia kati ya nyuzi 2 na 5 na barafu ni ngumu, hakuna sababu ya kuongeza cha juu. Cha juu kiongezwe usiku wa baridi kali, wenye upepo au mvua inayopiga ubavu, na kiwe cha kiwandani chenye nafasi ya dohani.

Moto, dohani na gesi nzito

Nakuomba uisome sehemu hii kwa makini kuliko nyingine zote, kwa kuwa hapa hatuzungumzii maziwa yaliyochacha bali uhai wa watu waliolala.

Kichomeo cha gesi kinahitaji hewa safi ya kuingia na njia wazi ya kutolea moshi. Vikikosekana, gesi haiungui sawasawa na hutokea kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua mtu usingizini. Nafasi ya nyuma ya friji inapaswa kuwa imetengwa kabisa na chumba cha kulala, lakini muhuri huo huchakaa kwa mtikisiko wa barabara mbovu. Kagua kando za friji kwa tochi, ziba nyufa zinazoingia ndani kwa kizibio kinachostahimili joto, na ufunge ndani ya gari kifaa cha kutambua kaboni monoksidi chenye king'ora. Kifaa hicho kinafaa hata kwa asiyemiliki vifuniko.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyuma ya friji haipandi, huteremka na kujikusanya chini, na katika magari mengi tundu la chini ndilo linaloitoa nje. Kifuniko cha kiwandani kimeachiwa nafasi za hewa kwa sababu hiyo. Usizibe nafasi hizo kwa utepe wa gundi ati upate joto zaidi, na ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, toa vifuniko vyote viwili, fungua milango, na usiwashe kitu wala kuzima swichi yoyote mpaka harufu iishe.

Mahali pa juu moto wenyewe hubadilika. Kuanzia mita 1,000 hivi hewa nyepesi inaweza kuufanya mwali uwe mgumu kuwaka, na jambo hilo si hitilafu ya friji. Pia gesi ya butani haigeuki kuwa mvuke joto likiwa chini kidogo ya sifuri, ilhali propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri; mtungi wenye butani nyingi utalegea asubuhi yenye umande ulioganda, na lawama hapo si ya vifuniko. Ikiwa mahali unapolala pana umeme wa kuaminika, tumia umeme usiku wa baridi na uache gesi kwa kahawa. Ukitumia umeme, hatari ya moshi wa friji huondoka, na vifuniko hufanya kazi yao ya kutunza joto bila wasiwasi huo.

Gari likitembea, badilisha kwenda volti 12, na ufunge mtungi. Mwali wa friji lazima uzimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta, na vilevile kabla ya kupanda feri ya Likoni kwa anayekwenda Tiwi au Diani, ambako gari lako litabanana na magari mengine na mamia ya watu waliosimama. Kufunika matundu hakuufanyi mwali kuwa salama mahali kama hapo. Zima.

Kwa asiye na vifuniko

Wapo wanaokata katoni au mpira wa godoro na kuubandika juu ya grili. Sishauri hata kidogo. Katoni iliyo karibu na dohani ni kuni, na mpira huyeyuka. Ukilazimika, mwombe fundi bati akukatie kipande cha alumini chembamba kitakachofunika nusu tu ya grili ya chini, kikae upande wa nje kwa skrubu ndogo au uzi wa chuma, na nusu nyingine ibaki wazi kabisa. Grili ya juu usiiguse. Kipande hicho kitumike friji ikiwa kwenye umeme, na ukirudi kwenye gesi ukitoe. Kama baridi bado inasumbua, ni afadhali kugeuza gari ili ubavu wenye matundu ukae upande usiopigwa na upepo. Mara nyingi hilo pekee humaliza shida, na halina gharama.

Matumizi mengine na utunzaji

Vifuniko vina kazi moja inayofaa hata hapa Mombasa. Unapoosha gari kwa mpira wenye msukumo mkubwa wa maji, zima friji, vifunge, osha, kisha vitoe mara moja. Maji yanayorushwa kupitia grili huingia kwenye kichomeo na kwenye viunganishi vya umeme. Vivyo hivyo gari linapoegeshwa kwa miezi bila kutumika, friji ikiwa imezimwa na mlango wake umeachwa wazi kidogo usishike ukungu, vifuniko huzuia nyigu, vumbi na mvua ya masika. Katika hali hiyo kikaratasi cha kwenye usukani ni cha lazima zaidi, kwa maana atakayeliwasha gari baada ya miezi huenda si wewe bali ni dereva uliyemtuma.

Ukirudi kutoka nyanda za juu, vioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni laini, vikaushe kivulini, na uvihifadhi kabatini vikiwa vimelala bapa, visikandamizwe na mtungi wala jeki. Usiviache juu ya dashibodi wala kwenye paa, kwa sababu jua la pwani hukunja plastiki, na kilichokunjwa hakitaingia tena kwenye grili. Kagua vishikizo kimoja kimoja kabla ya safari inayofuata. Kikivunjika kimoja, badilisha kifuniko, usikifunge kwa gundi, kwa kuwa gundi itakuzuia kukitoa asubuhi joto litakapopanda.